Diski Uliyoipeleka Nguba Kila Ijumaa

Papa Ziha,

Nina swali ambalo ni wewe tu ungeweza kulijibu, nawe umeondoka bila kuniachia jibu. Majonzi ninayo, usidhani hayapo. Lakini leo kinachonikalisha hapa na kalamu ni swali hilo, na kuna jambo jingine baya zaidi ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu. Nitayafikia yote mawili. Kwanza nikupe habari za ofisi, maana najua ungeanza na hizo: "Ansima, kazi iko namna gani?"

Kazi ipo. Ni miezi kumi sasa tangu tukuzike. Chama chetu bado kinapatanisha watu wanaogombania mashamba, na watu hawajachoka kugombana, kwa hiyo hatujakosa la kufanya. Meza yako nimepewa mimi. Droo ya kushoto ilikuwa bado inakwama, nikataka kujua kwa nini, nikaing'oa. Biskuti, Papa! Pakiti tatu, nyuma kabisa. Wewe mwenye sukari, wewe uliyeapa mbele ya Maman Béata kwamba hata chai unainywa kavu. Sikumwambia mkeo. Nilizila zote.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, wafadhili walituletea fomu ndefu. Walitaka kila chama kiandike mpango: data zake zinalindwaje, na zikipotea zitarudishwaje. Directeur aliigeuza geuza ile fomu, halafu akanitazama mimi, kwa sababu nimesoma mambo ya kompyuta kidogo na wewe hukuwepo tena kutazamwa. Nikaijaza kwa mbwembwe. Hati za mapatano, zile PV zetu, ziko wapi? Kwenye karatasi, ndani ya stoo. Nakala ya pili? Ndani ya kompyuta ya ofisi. Na nje ya ofisi je? Hapo niliandika kwa herufi kubwa: Nguba, nyumbani kwa marehemu Zihalirwa, kwenye diski, kila Ijumaa. Sikuandika kwamba tangu ufe hakuna hata mmoja wetu aliyeigusa hiyo diski. Kila wiki nilisema wiki ijayo.

Unazikumbuka Ijumaa zako? Ikifika saa tisa ulinawa mikono, ukachomeka diski, ukanakili, ukaichomoa, ukaivisha soksi ya mtoto yenye mistari ya kijani, kisha mfuko wa plastiki, kisha mfuko wa ndani wa koti. Siku hiyo pikipiki hukupanda hata mvua ikinyesha. Ulishuka Nguba kwa miguu, polepole, mkono mmoja unasalimia watu na mwingine uko kifuani. Nilikutania eti unapeleka mtoto kliniki. Ukanijibu bila kucheka: "We cheka tu. Mi nabeba ofisi muzima mu mufuko."

Basi ikaja mvua ya mwezi wa nne. Ilikuja mchana, upepo ukiwa mbele. Upepo huo ukang'oa mabati matatu juu ya stoo, mabati mapya yale tuliyojivunia, na maji yakamwagika moja kwa moja juu ya rafu. Radi ikapiga karibu. Kompyuta ilikuwa imechomekwa, na sisi wote tulikuwa tumebanana barazani tukishangaa upepo badala ya kwenda kuichomoa. Ikatoa moshi kidogo wenye harufu ya nywele zilizoungua. Fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga taratibu. "Hii imekufa mpaka ndani."

Tulianika makaratasi uani kwa siku nne. Wino wa mihuri ulikuwa umetembea, majina ya watu yameingiliana, na hati za zamani zilishikana zikawa tofali. Directeur alishika kichwa. Mimi nilikuwa nimetulia, Papa. Nilikuwa naanika huku naimba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ofisi nzima iko Nguba.

Nilishuka Nguba siku ya nne. Maman Béata alikuwa ameiweka diski ndani ya valizi, lile sanduku lake la vitenge, kati ya cheti chenu cha ndoa na vyeti vya ubatizo vya watoto. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Siku zile risasi ziliposikika mjini na watu wakakimbia, wewe ukiwa tayari kaburini, valizi aliiacha. Vyeti aliviacha. Alichobeba ni diski, ameifunga tumboni kwa kitenge, akatembea nayo mpaka Nyantende kwa mdogo wake, na siku zote alizokaa huko hakuifungua tumboni ila kwa kuoga. "Nguo nitapata ingine," aliniambia. "Lakini hii njo kazi ya Ziha." Akanipa kwa mikono miwili, bado ikiwa ndani ya soksi yake.

Nikaichomeka kwenye kompyuta ya directeur, ile anayokuja nayo kutoka nyumbani. Majina yote yalikuwepo, miaka, vijiji, familia, yamejipanga vizuri jinsi ulivyoyapanga wewe. Nikabofya la kwanza. Kompyuta ikasema haioni faili. La pili, haioni. Nikabofya mpaka kidole kikauma. Fundi akainama juu ya bega langu, akatamka neno moja tu: "Raccourcis." Njia za mkato. Yaani alama ndogo inayoonyesha faili limekaa wapi, faili lenyewe halimo. Ni sawa na mtu aandike kwenye kikaratasi "unga uko ndani ya debe", kisha akahama na kikaratasi, debe akaliacha.

Na nani alizitengeneza alama hizo? Mimi, Papa.

Ulipoanza kompyuta ulikuwa unapotea ndani ya mafaili, unanung'unika, unaniita kila dakika tano. Nikakuwekea njia za mkato mbele, zimepangwa kwa miaka, ili nikurahisishie, na pia nipate amani, niseme ukweli. Halafu nikakufundisha kunakili: "Papa, shika zote hizi, vuta, achia hapa." Somo la dakika mbili, nikiwa na haraka ya kwenda sokoni. Ukashika zote, ukavuta, ukaachia, kila Ijumaa kwa miaka minne. Tena hukuwa mzembe. Kabla ya kuivisha soksi ulikuwa unafungua moja kutoka kwenye diski, kuhakikisha. Na ilikuwa inafunguka! Bila shaka ilifunguka, kwa sababu diski ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ile ile yenye mafaili yenyewe. Ingefunguliwa mara moja tu kwenye kompyuta nyingine, hata ya jirani, tungejua. Hatukufanya hivyo hata siku moja.

Nililia. Siku ya mazishi yako sikulia hivyo, maana nilikuwa na kazi ya kugawa viti.

Katika hati zote zilizopotea, moja ilikuwa na haraka. Unamkumbuka Maman Nsimire wa Mumosho, yule mjane mrefu ambaye akicheka anaficha mdomo kwa kiganja. Mumewe alipokufa, shemeji yake muzee Cirhuza alichukua shamba la chini. Tuliwapatanisha miaka sita iliyopita, wakatia vidole, shamba likawa la Nsimire. Nakala yake alituletea mwenyewe ofisini tumtunzie. Alisema, "Nyumba yangu inavuja. Kwenu mabati iko mapya." Sasa mtoto wa Cirhuza amerudi kutoka Sange alikokuwa analima mpunga, akaanza kupigilia vijiti ndani ya shamba lile, akapeleka kesi tribinali kwamba mapatano hayo hayajawahi kuwepo. Zilibaki wiki tatu kesi isikilizwe. Nsimire alikuja kuomba hati yake.

Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata yale ya njia za mkato nilijaribu kumweleza, akanisikiliza kwa adabu. Nilidhani atanitukana, na ningekubali. Akasema, "Basi uende kwa Cirhuza. Naye alipewa yake." Nikafikiri huzuni imempanda kichwani. Nikamwombe mwizi wa shamba anipe karatasi inayomkana?

Nilikwenda, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Pikipiki ilinitupa Mumosho nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Njiani nilikuwa nimeandaa hotuba tatu. Muzee Cirhuza alikuwa nje anapukuchua maharage. Mtoto wake alisimama mlangoni amekunja mikono. Sikupata nafasi ya hotuba hata moja. Muzee aliniuliza kama natoka kwa Zihalirwa. Nikamwambia ulifariki. "Najua. Nilikuya ku matanga." Akanitazama kidogo. "Unatafuta karatasi."

Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mfuko, ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne, safi, muhuri wetu umekaa vizuri. Akampa mtoto wake, akamwamuru asome kwa sauti. Kijana akasoma: shamba la chini ni la Nsimire na watoto wake. Sauti ikapanda kwa hasira. Akaendelea mpaka sehemu ya nne, akasimama. Muzee akamwambia aendelee. Sehemu ya nne inasema miti miwili ya parachichi iliyo mpakani itavunwa na Cirhuza maisha yake yote, na mbuzi wake watapita njia ya chini kwenda kunywa maji, na hakuna atakayewazuia.

Kijana aliuliza kwa nini baba yake hakuichoma. Jibu lake nimeliandika ukutani ofisini: "Ile shamba unatafuta haina hakika. Miti yangu iko hakika. Hii karatasi ikikufa, mbuzi itapitia wapi, mu mbingu?"

Hakukubali itoke mikononi mwake. Nilipiga picha kwa simu huku ameshika pembe ya karatasi, na kidole gumba chake kimo ndani ya kila picha. Siku nne baadaye kijana aliondoa kesi. Haikufika hata kwa hakimu. Maman Nsimire amekwisha kupanda maharage.

Sasa lile swali, Papa.

Siku ya mapatano yale nilikuwepo, naandika. Ilikuwa wazi tangu saa nne asubuhi kwamba Cirhuza ameshindwa. Mashahidi walisema, wazee walisema, yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Na wewe ukakaa masaa mawili zaidi, unauliza habari za mbuzi. Wanakunywa wapi? Wanapita wapi? Ile miti aliipanda nani? Tumbo langu lilikuwa linanguruma. Nilikuvuta koti, nikakunong'oneza kwamba huyu ameshindwa, tufunge twende. Ukaniambia, "Ngoja, mutoto." Nikangoja nimenuna. Nilikuwa nafikiri una moyo laini kupita kiasi, kwamba unawaonea huruma hata wakosefu, na ndiyo sababu kazi zetu hazimaliziki mapema.

Ulijua? Ulikuwa unampa kila mtu kitu kidogo ndani ya hati ili aitunze? Au ilikuwa huruma tu, na mimi leo naivika akili ambayo haikuwa nayo? Nimejiuliza nikichambua mboga, nikiwa misani, mpaka nikakosa kusikia homilia.

Kwa kuwa hukuniachia jibu, nimekwenda kulitafuta kwa miguu. Nilianza Mumosho, kisha vijiji vya jirani, nyumba kwa nyumba, naomba kuona hati. Ah, Papa, laiti ungeona watu wanakoficha karatasi! Ndani ya Biblia, hilo nililitegemea. Lakini pia ndani ya redio, mahali pa mawe yake, yaani betri. Ndani ya mto wa kulalia, umeshonwa. Bibi mmoja alinifukuza, kisha akaniita, kwa sababu alitaka kwanza niangalie pembeni wakati anaitoa. Nami nikaanza kuona mpangilio. Hati ulizosimamia wewe, aliyeshinda anayo na aliyeshindwa anayo, kwa ajili ya mstari mmoja wa miwa, au haki ya kuchota maji, au ruhusa ya kupita na jeneza siku ya msiba. Hati alizosimamia directeur kwa haraka zake, aliyeshinda kapata yote: upande wa aliyeshindwa naambiwa iliwashiwa moto, au ilivutiwa tumbako. Nikafurahi. Nikasema nimemkamata Papa Ziha, alikuwa anajua.

Halafu nikamkuta mama mmoja ambaye katika hati yake hakupata chochote. Ni moja ya zile za directeur. Alishindwa shamba, alishindwa migomba, hata njia hakupewa. Na anayo! Kaivika plastiki, kaitundika ukutani juu ya kitanda. Nikamuuliza anaitunzia nini karatasi iliyomnyang'anya kila kitu. Akacheka kwa aibu. "Njo karatasi moja tu iko na jina yangu yote." Nilirudi mjini na nadharia yangu inachechemea, nimefurahi na nimechanganyikiwa vilevile. Kwa hiyo sijui. Bado sijui.

Mpango nimeuandika upya. Nimeandika kwamba mawingu yakikusanyika, kompyuta inachomolewa kwanza, upepo tutaushangaa baadaye. Nimeandika kwamba diski inafunguliwa kila mwezi kwenye kompyuta ya nyumba nyingine, na anayeifungua asiwe yule aliyenakili, tena asome ukurasa mmoja mpaka mwisho. Nimeandika kwamba picha za hati haziachwi kwenye simu ya mtu, maana siri ya shamba la mtu si ya kuonyeshana kwenye pikipiki. Na nimeandika kwamba katika kila mapatano lazima tutafute, hata kama matumbo yananguruma, kitu kimoja cha kweli kwa yule aliyeshindwa. Wafadhili wamejibu kwa heshima, wakiuliza miti ya parachichi iingie kwenye kisanduku gani cha fomu. Directeur amesema tutengeneze kisanduku.

Nimebakiza lile baya.

Niliporudi kutoka Mumosho mara ya kwanza, nilipita Nguba. Maman Béata alinishika mkono kabla sijakaa. Aliuliza kama diski ilisaidia. Nikamtazama, nikaona kile kitenge alichoifungia tumboni kiko kwenye kamba, kinakauka. Mdomo wangu ukasema: "Ilisaidia sana, Maman." Akafumba macho. Akasema jina lako.

Uongo haukai mahali pamoja. Jumatano ya wiki ile ile aliusimulia kwenye shirika lao la parokia, jinsi mume wake aliyelala kaburini alivyookoa shamba la mjane. Walipiga makofi. Sasa wanakuja watu kumpongeza, na mama mmoja ameanza kumuuliza kama anaweza kumwekea karatasi zake ndani ya hiyo diski iliyobarikiwa. Unaona ninachokifanya? Mimi niliyewaandikia wafadhili kwamba nakala isiyofunguliwa isiaminiwe, nimemwachia mkeo nakala nisiyotaka aifungue.

Nimejitetea kwako mara nyingi kichwani. Nimesema namwachia faraja. Nimesema amezeeka, itamsaidia nini? Lakini yeye alibeba kitu kile tumboni akaacha vyeti vya ndoa yenu, na kosa lililokitia utupu ni langu. Anastahili kujua alikimbia na nini. Anastahili pia kujua kwamba kazi yako ilikuwepo kweli, iko ndani ya kopo la maziwa Mumosho na ndani ya redio za watu, na kwamba nitampandisha pikipiki nikamwonyeshe kopo hilo kama atakubali kukaa na mimi tena.

Kwaheri, Papa Ziha. Nakuahidi mambo mawili. Nitaendelea kuuliza mbuzi wanapita wapi. Na uongo ule hautaivuka siku ya leo. Wewe nimekuambia kwanza kwa sababu huwezi kunitazama usoni. Maman Béata anaweza. Ni saa tisa, navaa viatu, nashuka Nguba.

Mwanafunzi wako,
Ansima